Namba Iliyoposa

Anayetaka kwenda Umbalini na aende, njia haikufungwa. Ila akirudi analia asiseme hakukuwa na wa kumwonya. Kibwana fundi magodoro hakuonywa. Alifikaje huko, kwa miguu au kwa chombo, hayo hayatuhusu, na mwenyewe kila akiulizwa huyaruka. Anachokisimulia ni kwamba siku ya kwanza pale mpakani hakuulizwa jina. Aliulizwa namba. Aliposema hana, askari alimtazama kwa huruma, akampa laini ya simu yenye namba inayoanza na mbili, kwa kuwa pale ni Mkoa wa Pili, akamwambia, "Haya, sasa umezaliwa."

Kibwana alicheka. Alidhani ni mzaha wa watu wa mpakani.

Nchi ile ina sheria moja iliyozizaa nyingine zote: neno la mdomo ni upepo. Ukiambiwa jambo ana kwa ana, hujaambiwa. Mume na mke waliokaa mkeka mmoja, mmoja akitaka kusogezewa chumvi, hupiga simu. Mahakamani shahidi hutolewa nje ya mlango ili ampigie hakimu. Kibwana aliwahi kuuliza kama kwa utaratibu huo uwongo umepungua, akajibiwa kwamba haujapungua, ila sasa una tarehe na saa.

Sheria ya pili ni ya ushuru wa umbali. Kwa akili zetu sisi, umbali ni nafasi iliyopo kati ya mtu na mtu. Umbalini sivyo. Kule umbali hupimwa kutoka pale namba ilipozaliwa, hata kama mwenye namba amekaa hapa mbele yako anakupepea. Sauti ya namba ya Pili lazima iende kwanza Mkoa wa Pili ikagongwe muhuri, ndipo irudi kwa anayeambiwa, na safari yote hiyo hukatwa kwenye vocha ya aliyeipiga.

Miaka miwili Kibwana hakuona tabu ya jambo hilo, kwa sababu aliishi Mkoa wa Pili. Kisha sufi ikaadimika, na fundi magodoro bila sufi ni sawa na mwoka mikate bila unga. Akahamia Mkoa wa Saba, ambako misufi imejaa kila kiunga, akapanga chumba cha uani kwa mwoka mikate mmoja, Mzee Chande. Mzee huyo alikuwa mjane mwenye binti mmoja tu, Mwanamkasi, aliyeuza mikate dirishani na kumtania kila mnunuzi. Kibwana akawa anakula mikate mingi kuliko tumbo lake lilivyotaka. Wakapendana.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Jioni Kibwana akitoka chumbani kwake kwenda barazani kwa mzee, ilimbidi apige hodi kwa simu. Hodi ikaenda Mkoa wa Pili, ikavuka mito mitatu. Yeye akaingia, akakaa, akamiminiwa chai, na alipofika nusu ya kikombe ndipo simu ya Mzee Chande ilipolia na kusema, "Hodi wenyewe!" Mzee, mtu wa sheria, akaitika, "Karibu!" na Kibwana akalazimika kuinuka, atoke nje, aingie upya. Chai ikapoa kila siku ya Mungu.

Na Mwanamkasi je? Usiniulize. Siku moja binti alikuwa akimuuliza kama amemwona kuku wake mwekundu aliyepotea, na simu ikamjibu, "Nakupenda."

"Nani, kuku?" Mwanamkasi akauliza.

Lilikuwa neno la saa nzima nyuma, ndiyo kwanza limewasili. Na lilikuwa limemaliza vocha ya wiki.

Hata hivyo posa ilipelekwa, kwa simu, na ikakubaliwa. Karani wa mkoa akaandika daftarini kwamba namba fulani ya Pili itaoa namba fulani ya Saba, Ijumaa ya mwisho wa mwezi wa mavuno. Mzee Chande alifurahi, ila akalalamika kwa mkwewe mtarajiwa: "Mwanangu, unaishi nyuma ya ukuta wangu, na kuzungumza nawe ni kama kuzungumza na mtu aliyezama kisimani. Fanya jambo."

Kibwana akaamua kufanya jambo. Hakumwambia mtu, alitaka kuwashtukiza. Laiti angejua nani atakayeshtuka.

Ofisi ya Asili za Namba ilikuwa na dirisha la kioo, na nyuma ya kioo alikaa karani Mfaume, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Kibwana alifungua kinywa, karani akamwonyesha simu kwa kidole. Kibwana akapiga. Wakatazamana kwa muda mrefu, sauti ikiwa imekwenda Mkoa wa Pili. Karani akapata nafasi ya kuchonga penseli.

"Unataka kubadilisha namba," karani akasema hatimaye, neno lilipofika. "Sababu?"

"Nimehama."

"Umehama wewe, au imehama namba?"

"Mimi."

"Na namba je?"

"Si ninayo hapa mkononi!"

"Basi namba haijahama," karani akaandika, "imechukuliwa tu. Hilo ni kosa dogo, nitakusamehe. Unajua kwamba namba hailazwi? Ukiivua leo, leo hii inavaliwa na mwingine. Kuna foleni."

"Mpe yeyote. Mimi nataka ya Saba tu."

Karani akasukuma karatasi chini ya kioo. Ilikuwa na mstari mmoja: Vyote vilivyo vya namba vitabaki na namba. Kibwana aliusoma mara mbili, akauliza kama maana yake ni salio lililobaki kwenye laini.

"Na salio pia," akasema karani.

Kibwana alikuwa na shilingi chache tu kwenye laini ile. Akatia sahihi kwa furaha. Neno lile 'pia' lilipita sikioni mwake bila kugusa kitu, na hadi leo analijutia kuliko maneno yote aliyowahi kuambiwa maishani.

Alipotoka nje alimpigia Mwanamkasi kwa namba mpya. Simu iliita na kupokewa papo hapo, sauti safi kama mtu amesimama begani kwako. Kibwana alitaka kulia kwa raha.

"Ni mimi," akasema. "Umeona? Nimebadilisha! Sasa tutaongea mpaka tuchoke."

Mwanamkasi aliitambua sauti, akacheka, kisha kicheko kikakatika ghafla.

"Ile nyingine umeipeleka wapi?"

"Nimeiacha ofisini."

"Kibwana! Ile ndiyo iliyonichumbia."

Siku ya tatu mchumba mwenyewe akawasili. Alikuwa mtu mzima wa Mkoa wa Pili, muuza chumvi, jina lake Pazi, mnene wa heshima zake, na alionekana kuchoka na kuchanganyikiwa. Alikuwa amengoja laini miaka minne kwenye foleni. Alipoiwasha tu, zikaanza kumiminika pongezi za harusi, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuvunja sheria, alifunga mzigo akaja.

"Mimi nilikwenda kutafuta laini tu, bwana wangu," alimwambia Kibwana uani, kwa mdomo, akiangalia huku na huku asisikiwe. "Nimerudi nyumbani nina mchumba. Ningekurudishia namba yako, Mungu shahidi, lakini sheria hairuhusu mtu kuvaa tena alichokivua."

Mzee Chande alimpigia simu Pazi hatua mbili kutoka alipokaa, akasubiri jibu liende Mkoa wa Pili na kurudi, akalipata, akamkumbatia. "Karibu mkwe! Chai?" Kisha akamgeukia Kibwana, akamtazama kwa ukarimu wa mwenye nyumba. "Na wewe mgeni, ndiyo kwanza umehamia? Kodi hulipwa tarehe mosi. Usianike magodoro mbele ya tanuri."

"Mzee Chande, ni mimi! Nimekula mikate yako mwaka mzima!"

Mzee alisita. Aliuma mdomo. Si kwamba hakuiona sura. Aliiona, na ilimsumbua kama kibanzi jichoni. "Uso nauona, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini uso si ushahidi. Namba iliyoniomba binti nimeipa binti. Nikigeuka leo, nani atakula mkate wangu kesho?"

Kibwana alipandwa na hasira. Akaenda kwenye Baraza la Mkoa, na Mwanamkasi akafuatana naye.

Baraza lile lina mahakimu watatu, na kwa bahati mbaya ni wa madhehebu mawili. Wa kwanza alikuwa wa Wanasauti, wanaoamini kwamba mtu ni sauti yake. Alisema fundi huyu ana sauti ile ile iliyoposa, kwa hiyo ndiye. Wa pili alikuwa wa Wananamba. Alipiga simu kwa mwenzake aliyekaa kushoto kwake, akamuuliza, "Na akipata mafua je, ni talaka?" Ukumbi ukaangua kicheko. Wa kwanza akajibu kwamba mafua hupona. Wa pili akasema kuna kijana mmoja wa Mkoa wa Tano aliyebaleghe katikati ya kesi, sauti ikawa nzito, je, wamfunge nani? Wakabishana juu ya yule kijana mpaka adhuhuri, na Kibwana akaona kesi yake imewatoka kabisa vichwani.

"Waheshimiwa," akasema kwa mdomo, akili zimemruka, "mimi hapa nimesimama! Huyu mwanamke hapa amesimama! Tuulizeni basi!"

Hakuna aliyegeuka. Ulikuwa upepo.

Ilibaki kura ya hakimu wa tatu. Huyo alikuwa amelala kitini, anakoroma, na simu yake imezimwa. Karani akatangaza kwamba hakimu wa tatu hayupo. Kwa kuwa kura zilikuwa moja dhidi ya moja, daftari likabaki lilivyo. Lakini hakimu wa pili hakuwa mtu mbaya, na wakati wa kutoka alimpigia Mwanamkasi akampa ushauri wa bure. Namba iliyochumbiwa ni yako ya Saba, alimwambia. Ukiivua, uchumba unabaki nayo, nawe uko huru. Sheria inataka tu uwe umehama mkoa.

Ng'ambo ya barabara, mbele ya dirisha la mikate, ulikuwa ni Mkoa wa Nane. Mpaka ulipita katikati ya lami. Shangazi yake Mwanamkasi aliishi hapo, nyumba ya bati jekundu.

Usiku ule Kibwana alijaribu kumzuia, ingawa si sana, na hilo pia analijutia. "Mimi nilikuwa mgeni," alimwambia. "Nilichokuwa nacho ni godoro na sindano. Wewe una baba."

"Ndiyo maana siogopi," Mwanamkasi akajibu. "Wewe alikujua mwaka mmoja. Mimi kanibeba mgongoni huku anakanda unga. Baba anisahau mimi? Thubutu! Hizo sheria ni za watu na watu, si za mtu na mwanawe."

Asubuhi akavuka barabara na kikapu kimoja, akaenda ofisi ya Mkoa wa Nane, akatia sahihi mstari ule ule mmoja. Karani wa huko, baada ya kumpa laini mpya, akamweleza utaratibu wa mwisho. Namba mpya haina baba. Ila ina siku saba za kumpata: ukimpigia mtu ukamwita baba, naye akapokea akakuitika mwanangu, basi ndiye baba yako, na anaweza kukuoza kwa umpendaye. Siku saba zikipita namba inaandikwa yatima, na yatima wa Umbalini haolewi, maana hana wa kumjibia simu ya posa.

Mwanamkasi akacheka. Siku saba za nini? Dakika moja ingetosha.

Alipiga mchana ule. Mzee Chande hakupokea. Akapiga jioni. Akapiga kesho yake, na kesho kutwa. Alipotaka kumpigia Kibwana amlalamikie, akagundua kitu ambacho katika haraka zao wote wawili hawakukifikiria: yeye sasa ni wa Nane na Kibwana ni wa Saba. Walionana waziwazi, yeye kwenye kibaraza cha shangazi, mwenzake uani kwa mzee, na maneno yao yakawa yanazunguka makao makuu ya mikoa yote miwili kabla ya kuvuka lami, na simu za Nane, tofauti na za mikoa mingine, humkata vocha hata anayezipokea. Kibwana alikuwa ameikimbia mvua akaangukia mtoni.

Siku ya nne alifika kwa Mzee Chande mwanamke mmoja mwenye sanduku, mwalimu aliyehamishwa kutoka Mkoa wa Kwanza, anaitwa Siwema. Ofisi ya Saba ilikuwa imempa laini asubuhi ile, namba ambayo zamani ilikuwa ya Mwanamkasi, iliyorudishwa kutoka Nane siku hiyo hiyo, na pongezi za harusi zikamwelekeza hapa. Alisimama barazani kwa aibu, akapiga simu. "Shikamoo baba."

Mzee Chande aliitazama namba kwenye kioo cha simu, na uso wake wote ukalegea kwa nafuu. "Marahaba mwanangu! Ulikuwa wapi siku zote hizi? Harusi ni Ijumaa na nazi hazijakunwa!"

Kibwana aliyaona hayo kwa macho yake, sindano ya magodoro mkononi. Anasema lililomchoma zaidi si kwamba mzee alikosea, bali kwamba alifurahi. Siku zote nne alikuwa hali wala halali kwa kumkosa binti yake, na sasa amempata.

Siwema naye, baada ya kuduwaa kidogo, akaanza kukuna nazi. Jioni Pazi akamsaidia. Watu wawili wazima, wapole, wenye upweke wao, waliopewa harusi bila kuomba. Huwezi hata kuwachukia, na hilo lilimuudhi Kibwana mara mbili.

Ijumaa ikafika, nayo ndiyo siku ya saba. Kibwana hakutaka kuhudhuria, lakini walikuwa wamepanga na Mwanamkasi: yeye akae ubavuni mwa mzee, na simu ikiita ahakikishe imepokewa, hata kwa kumshika mkono. Turubai lilifungwa mbele ya dirisha la mikate. Pilau ikaandaliwa kwenye masinia, wazee wakakaa wanne wanne. Namba ya Pili ikaozwa namba ya Saba, vigelegele vikapigwa kwa simu, na kwa kuwa nusu ya wageni walitoka mikoa mingine, vikawa vinafika kidogo kidogo mpaka alasiri. Mzee Chande alilia. Alimshika Siwema kichwani, akamwombea dua ndefu.

Ng'ambo ya barabara, Mwanamkasi aliivaa kanga aliyokuwa ameiweka kwa siku ile, akasimama kwenye ngazi ya shangazi yake. Akapiga.

Simu ya mzee ikalia juu ya mkeka, kando ya sinia.

"Mzee, simu," akasema Kibwana.

Mzee Chande akainama kuitazama, mkono wa kulia umejaa wali. "Ya Nane," akasema. "Wiki nzima wananisumbua hawa. Watakuwa matapeli."

"Si matapeli. Pokea, nakuomba. Itika mara moja tu. Sema naam mwanangu, basi, sitakuomba kitu kingine duniani."

"Mwanangu si yule pale, amekaa na mumewe?"

Kibwana akamshika kidevu mzee wa watu, jambo lisilofanywa na mtu mwenye adabu, akamgeuza uso kuelekea barabarani. "Tazama. Yule ni nani?"

Mzee Chande akatazama. Alitazama muda wa kutosha, kwa sababu macho yake yalijaa maji. Simu ilikuwa bado inaita. Mkono wake wa kushoto ukanyanyuka, ukaifikia, ukatua juu yake.

"Kutoka Nane," akasema mzee kwa sauti ndogo, kama anayejieleza mbele ya mtu asiyeonekana, "inamkata vocha hata anayepokea."

Akaigeuza simu kifudifudi. Iliita mara mbili tatu, ikanyamaza.

Mwanamkasi aliona kila kitu. Barabara ile haizidi hatua kumi na tano. Hakupiga tena. Alishusha simu, akaifungua kwa nyuma, akatoa laini akaitupa kwenye lami, akasogea mpaka ukingoni mwa mpaka, na kwa kinywa chake mwenyewe, kwa sauti aliyokuwa akinadia mikate asubuhi, akaita:

"Baba! Nakwenda!"

Turubai zima lilisikia. Kibwana aliinuka, akavua laini yake naye, akaiacha ukingoni mwa sinia, akaanza kuvuka barabara. Nyuma yake Mzee Chande aliacha kutafuna, akaitumbulia macho simu yake pale mkekani, akingoja iite.

Kisha, kwa kuwa haikuita, akameza.